Kupanga Maendeleo ya Halmashauri kwa GIS: Kutoka Kitongojini hadi Baraza la Madiwani

Kila msimu wa bajeti, halmashauri za Tanzania hupokea maombi mengi kuliko fedha zilizopo. Kijiji kimoja kinaomba zahanati, cha pili kinaomba kisima, cha tatu kina boma la darasa ambalo wananchi walilipandisha kwa nguvu zao hadi kwenye linta, kisha likasimama. Maombi yanapanda kutoka kitongojini hadi mkutano mkuu wa kijiji, hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi kwa wataalamu wa halmashauri. Yakifika juu yamekuwa orodha, na orodha haina mahali. Inasema "zahanati 1". Haisemi kwamba kilomita tatu kutoka hapo zahanati nyingine ipo tayari, wala kwamba vitongoji viwili vya mwisho, vilivyo ng'ambo ya mto, hutengwa kabisa na huduma masika yote.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao maofisini tunauita GIS, unafaa kwa kazi hiyo hasa: kurudisha mahali kulikopotea njiani. Mwongozo huu ni kwa afisa mipango, afisa ardhi, mtendaji wa kata na kijana wa asasi ya kiraia anayetaka halmashauri yake ipange kwa kuona. Hauhitaji fedha za mradi mkubwa. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, programu ya bure ya ramani iitwayo QGIS, simu janja mbili tatu na duka la uchapishaji lenye mashine ya karatasi kubwa vinatosha kuanzia.

Neno moja la historia, kwa sababu linaeleza kwa nini kazi hii ianzie chini. Mwaka 1972 Tanzania ilivunja serikali za mitaa na kupeleka "madaraka mikoani". Madaraka yaliyokwenda huko yalikuwa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, na leo zinasimama juu ya Ibara ya 145 na 146 za Katiba. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, maarufu kama O&OD, ukaja kutaka mpango uibuliwe na kijiji chenyewe. Ramani inayochorwa makao makuu ya wilaya na kushushwa kijijini inaurudisha mtindo wa 1972, hata kama imechorwa kwa programu ya kisasa.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha angalia kalenda

Usifungue kompyuta kabla ya kuandika swali. Swali zuri lina watu, mahali na uamuzi ndani yake. Kwa mfano: "Kati ya maboma manne ya zahanati tuliyonayo, lipi likikamilishwa litawafikia watu wengi zaidi ambao sasa wako mbali zaidi ya kilomita tano na huduma?" Swali kama "tutengeneze ramani ya rasilimali za wilaya" litakula miezi na mwisho wake ni bango zuri ukutani ambalo halikubadili shilingi hata moja.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, kwa hiyo halmashauri inatakiwa iwe imeshaamua mapema mwakani, na vijiji viwe vimeshaibua vipaumbele kabla ya hapo. Kazi ya kijijini basi ipangwe kati ya Julai na Oktoba, barabara zinapopitika. Ramani sahihi iliyochelewa wiki mbili baada ya Baraza kupitisha bajeti haina kazi hadi mwakani.

Hatua ya 2: Tafuta mipaka, na uiwekee shaka

Mipaka ya mikoa, wilaya na kata unaipata kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, pamoja na idadi ya watu ya Sensa ya 2022. Ipakue, ifungue, kisha uiangalie kwa macho mawili. Mipaka ya sensa iliwekwa kwa ajili ya kuhesabu watu. Mipaka ya kisheria ya kijiji ni ile iliyopimwa na kuambatanishwa na cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Zikitofautiana, na mara nyingi zitatofautiana, cheti ndicho chenye nguvu; ile ya sensa itumie kwa hesabu za watu peke yake.

Utawala nao hugawanyika. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012, Songwe ikafuata 2016. Gairo ilimegwa kutoka Kilosa. Chini yake kata na vijiji humegwa mara nyingi zaidi. Ukichukua idadi ya watu ya kata mwaka 2012 na kuilinganisha na ya 2022 bila kuuliza kama kata hiyo ilimegwa katikati, utaandika kwamba watu wamekimbia mahali ambako hakuna aliyehama.

Tatizo la majina litakusumbua kuliko la mipaka. Majengo, Mji Mpya, Mjimwema: majina haya yako kila pembe ya nchi, na pengine mara mbili ndani ya halmashauri moja. Usiunganishe majedwali kwa jina. Tumia namba za utambulisho za NBS, na kama kijiji kipya hakina namba, kipe yako na uiandike kwenye daftari la data siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Mfumo wa koordineti, mahali ramani nyingi zinapoharibikia

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa la hapa halionekani hadi limeshaleta ugomvi wa mpaka.

Vipimo vingi vya zamani vya ardhi nchini, pamoja na ramani nyingi za vijiji, viko kwenye mfumo wa koordineti, yaani namba za kuonyesha mahali, unaoitwa Arc 1960. Simu yako, picha za setilaiti na data ya OpenStreetMap ziko kwenye WGS 84. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sura, lakini ukiisoma namba ya Arc 1960 kana kwamba ni ya WGS 84, nukta inahama takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kukihamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine, au kulisogeza shamba la mtu ndani ya hifadhi.

Kwa hiyo kabla ya kutumia faili lolote uliza: hizi namba ni za mfumo gani? Kwenye QGIS kila mfumo una namba yake ya utambulisho, iitwayo EPSG. Kwa Arc 1960 utakutana na 21035, 21036 na 21037. Kwa WGS 84 ni 32735, 32736 na 32737. Tarakimu mbili za mwisho ni ukanda, yaani kipande cha dunia chenye upana wa digrii sita za longitudo. Ukanda wa 35 unaishia longitudo 30, hivyo mji wa Kigoma umo humo. Wa 36 unatoka 30 hadi 36 na ndimo ulipo mji wa Dodoma. Wa 37 unaanzia 36, nao unabeba Morogoro, Tanga, Dar es Salaam na pwani yote. Kama wilaya yako inakatwa na mstari wa longitudo 36, kama zilivyo baadhi za mkoa wa Dodoma, chagua ukanda mmoja kwa wilaya nzima na usiubadilishe.

Tofautisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuitambulisha tabaka (seti moja ya data kwenye ramani, kama barabara au visima) ni kuiambia QGIS "hizi namba ni za Arc 1960". Namba zenyewe hazibadiliki. Kuibadilisha tabaka ni kuzikokotoa upya ziwe za WGS 84 na kuhifadhi faili jipya. Faili la Arc 1960 kwanza litambulishe, halafu libadilishe. Ukimaliza, weka picha ya setilaiti chini yake uangalie kama barabara na kingo za mto zinalaliana. Zisipolaliana, simama hapo hapo.

Hatua ya 4: Kusanya kilichopo kabla ya kutuma mtu

Kuna data nyingi ya bure, na halmashauri nyingi hulipa posho kukusanya kitu ambacho tayari kiko kwenye kompyuta ya idara jirani. Anza na RUWASA kwa vituo vya maji, TARURA kwa barabara za wilaya, mganga mkuu kwa vituo vya afya, afisa elimu kwa shule (na usisahau shule shikizi, ambazo mara nyingi hazimo kwenye orodha rasmi), afisa mifugo kwa majosho na malambo.

Mtandaoni chukua OpenStreetMap kwa njia na mito, picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10 ardhini, kwa kuona mashamba na misitu, SRTM ya mita 30 kwa miinuko, na Open Buildings ya Google kwa alama za majengo. Angalia tarehe ya kila kimoja. SRTM ilipimwa mwaka 2000, na hiyo haina neno kwa sababu mlima haujahama. Picha ya majengo ya miaka mitano iliyopita kwenye mji unaokua ni habari nyingine.

Hifadhi kila kitu kwa muundo wa GeoPackage. Shepufaili (shapefile), muundo wa kizamani, inakata majina ya safu baada ya herufi 10, tena ni mkusanyiko wa mafaili kadhaa yanayotegemeana. Mtu akikutumia lile la .shp peke yake kwa WhatsApp, hajakutumia kitu.

Hatua ya 5: Kijijini, chapa kubwa ya picha na makundi yaliyotenganishwa

Hii ndiyo hatua inayoamua kama ramani itakuwa ya wananchi au ya ofisi. Wataalamu wengi wanaipitia haraka kwa kuwa haina kompyuta ndani yake.

Chapisha picha ya setilaiti ya kijiji kwenye karatasi ya A0. Kwa kipimo cha 1:5,000 karatasi hiyo inabeba eneo la kilomita 4.2 kwa 5.9, kwa 1:10,000 inabeba kilomita 8.4 kwa 11.9. Kwa kijiji cha wakulima kilichosongamana tumia cha kwanza, kwa kijiji kipana cha wafugaji cha pili. Andika juu yake majina machache tu ambayo kila mtu anayajua: shule, mto, njia panda, msikiti au kanisa. Nunua nailoni angavu ya kufunika na kalamu za rangi zisizofutika.

Zungumza kwanza na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, tangazo litoke siku kadhaa kabla. Siku yenyewe usianze na karatasi. Waachie wachore chini, kwa fimbo, majivu, majani na mawe, kama O&OD inavyofundisha. Ramani ya mchangani inaonyesha mambo wanayoyapa uzito, na wazee wasiosoma huchangia sawa na mwalimu mkuu. Baada ya hapo watandikie picha na uwaache waitafute nyumba yao ya kwanza. Inachukua muda. Mtu akishaiona nyumba yake hatakosea tena.

Tenganisha makundi: wanawake peke yao, wanaume, vijana, na wafugaji. Anayechota maji ndiye anayejua kisima kipi hukauka Septemba na kipi kina chumvi, na akiwa kwenye mkutano wa pamoja huenda asifungue kinywa. Kila kundi lichore kwenye nailoni yake juu ya picha ile ile. Zikiwekwa pamoja, tofauti zao ndizo zenye habari: eneo ambalo kundi moja limeandika "pori lisilo na mwenyewe" na jingine limeandika "malisho ya kiangazi" ndilo eneo la mgogoro wa kesho.

Kuhusu wafugaji nataka kusema wazi. Ukienda kijijini mwezi ambao mifugo imehama, utakuta ardhi iliyo wazi, na picha ya setilaiti nayo itakuonyesha ardhi iliyo wazi. Ukiipaka rangi ya "akiba ya kilimo" umewanyang'anya watu malisho yao kwa kalamu, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ambao Kilosa na Kiteto wanaujua vizuri utapata muhuri wa halmashauri. Uliza kila mahali: nani hutumia hapa, mwezi gani, anapitia njia ipi, anatoka kijiji gani. Njia za mifugo zichorwe hadi nje ya mpaka wa kijiji. Malisho yakivuka vijiji, sheria inaruhusu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatambua makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi kati ya vijiji. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa njia hiyo chini ya jina la OLENGAPA. Ni mfano wa kusoma kabla hujachora mstari wowote kwenye nyanda za malisho.

Kabla ya kuondoka, piga picha kila nailoni ukiwa umesimama wima juu yake, na uache nakala ya ramani kwenye ofisi ya kijiji.

Hatua ya 6: Uhakiki kwa simu

Sasa unajua wapi pa kwenda. Tengeneza fomu kwa KoboToolbox au ODK, zote zinafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Fomu iwe fupi, na majibu yawe ya kuchagua. Kwa kituo cha maji: namba ya kijiji, aina ya chanzo, kinatoa maji leo au hapana, kama hapana ni tangu lini na nini kimeharibika, maji yanapatikana mwaka mzima au msimu, picha. Kwa boma: ni la nini, limefikia wapi (msingi, ukuta, linta, paa), lilianza mwaka gani, kiwanja kina mgogoro au hakina.

Wafundishe vijana wa kijiji wenyewe, wawili kwa kila kijiji. Wasimame nje ya kivuli cha mti na wasubiri hadi simu ionyeshe usahihi wa mita 10 au chini. Picha zitumwe kupitia fomu; zikipita WhatsApp zinapoteza koordineti zake.

Usikusanye jina la mgonjwa, la mwenye nyumba wala namba ya simu kama swali lako halihitaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, ramani inayoonyesha nyumba ya mtu mwenye ulemavu au familia yenye ng'ombe wengi inaweza kumdhuru ikianguka mikononi mwa mwingine. Ukitaka kurusha droni, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Zanzibar ilipigwa picha visiwa vyake kwa droni kuanzia 2016, na zilitoka picha nzuri mno, lakini kwa maswali mengi ya halmashauri picha ya setilaiti inatosha.

Mijini, vijana ndio nguvu kuu. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mifereji, vichochoro na maeneo yanayofurika, na data yote ikawekwa OpenStreetMap ambako mtu yeyote anaichukua. Kama mtaa wako ni wa mabondeni, iga utaratibu huo.

Hatua ya 7: Watu wako wapi ndani ya kata

Sensa inakupa idadi ya kata. Wewe unataka kujua watu wako upande gani wa mto. Njia rahisi ni kuwagawa kwa majengo. Tuchukue kata ya kufikirika yenye watu 12,000 na majengo 4,000 baada ya kuondoa shule, makanisa, misikiti, maghala na vibanda vidogo vinavyoonekana kuwa vyoo au majiko: ni watu 3 kwa jengo. Kitongoji chenye majengo 210 kina watu takriban 630.

Chukua namba hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji, ulinganishe na daftari lake la wakazi. Zikipishana zaidi ya robo, uliza sababu. Pengine ni maboma ya wafugaji yenye vijumba vingi kwa familia moja, pengine ni mji wa mnada ambao nusu ya majengo ni maduka.

Kisha isogeze hadi mwaka unaoupangia. Kitaifa watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya sensa ya 2012 na 2022. Kwa kasi hiyo watu 12,000 wa 2022 wanakuwa karibu 13,190 baada ya miaka mitatu. Lakini tafuta kasi ya kata yako, kwa sababu kata ya pembezoni mwa jiji na kata ya milimani hazikui sawa.

Hatua ya 8: Pima nani hafikiwi

Jaribu kwanza swali la maji, maana kipimo chake kiko wazi. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, ndani ya mita 400, kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji vituo 12. Tuseme kina 9, na uhakiki wako umeonyesha 4 vimekufa. Vinavyofanya kazi ni 5, watu 1,250. Kabla mtu hajaomba visima vipya, ukarabati wa vile 4 unafikisha watu 2,250 kwa gharama ndogo kuliko uchimbaji. Sasa zungushia kila kituo duara la mita 400 na uhesabu majengo yaliyo ndani. Hapo utagundua kama vituo vitatu viko sokoni vikipeana migongo na kitongoji kizima hakina hata kimoja. Hesabu ya 12 kwa 9 isingekuambia hilo.

Kwa zahanati, duara linadanganya. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na wapangaji wengi hutumia kilomita tano kama kikomo cha kutembea. Duara la kilomita tano linavuka mto na kupanda genge kana kwamba mama mjamzito ana mbawa. Pima kwa njia. Kwenye QGIS fanya hivi:

1. Chukua tabaka la barabara na vijia, ukihakikisha vinashikana kwenye makutano. Mistari isiyogusana inakatisha safari.
2. Tengeneza nakala mbili: ya kiangazi yenye njia zote, na ya masika ambayo umefuta vivuko vyote wananchi walivyosema havipitiki.
3. Tumia zana ya eneo la huduma, iliyo kwenye kundi la uchambuzi wa mtandao, ukiweka vituo vya afya kama chanzo na mita 5,000 kama kikomo.
4. Mistari inayotoka izungushie mita 300 hadi 500 kila upande, kutegemea nyumba zinavyokaa mbali na njia.
5. Hesabu majengo yaliyobaki nje, zidisha kwa watu kwa jengo.

Fanya kwa kiangazi, rudia kwa masika. Tofauti kati ya ramani hizo mbili mara nyingi ndiyo jibu lenyewe: kama watu wanapotea kwenye huduma kila Machi hadi Mei kwa sababu ya kivuko kimoja, basi kalavati au daraja la TARURA linaweza kuwa "zahanati" ya bei nafuu zaidi. Orodha ya sekta ya afya haiwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa daraja liko kwenye orodha ya watu wengine. Kwa maeneo ya milima, AccessMod ya Shirika la Afya Duniani inazingatia pia mteremko, nayo ni ya bure.

Mwisho, liweke kila boma kwenye ramani kama vile limeshakuwa zahanati, moja baada ya jingine, na uangalie ni watu wangapi wapya wanaingia. Andika jedwali: boma, watu wapya kiangazi, watu wapya masika, hatua ya ujenzi, hali ya kiwanja.

Hatua ya 9: Vigezo vikubaliwe kabla ramani haijaonekana

Watu watajadili uzito wa kila kigezo. Wajadili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwenye kikao cha menejimenti kabla hawajaona kata gani inashinda. Vigezo vitatu vinatosha: watu wapya watakaofikiwa, hatua ambayo wananchi wamefikisha ujenzi, na kiwanja kisicho na mgogoro. Ukiweka kumi na mbili kila kimoja na asilimia yake, hakuna diwani atakayeweza kukueleza kwa nini kijiji chake kimekosa, na mwananchi asiyeelezwa ana haki ya kushuku.

Kigezo cha nguvu za wananchi kina mtego. Vijiji vyenye uwezo hujenga maboma mapema, vijiji maskini havijengi. Ukikipa uzito mkubwa, bajeti itawafuata wenye nacho. Waonyeshe madiwani jambo hilo wazi, waamue wao.

Hatua ya 10: Ramani ya Baraza, PlanRep, kisha rudi kijijini

Ramani moja, swali moja. Kichwa chake kiwe sentensi: "Watu walio mbali zaidi ya kilomita tano na zahanati wakati wa masika, kwa kata." Maandishi yawe ya Kiswahili, rangi zisizidi tano, kuwe na kipimo, kaskazini, tarehe ya data na aliyeitoa. Chapisha A3 nyeusi na nyeupe ujaribu: kama haisomeki, badilisha rangi, kwa sababu nakala za kikao zitatolewa kwa mashine ya kawaida ya ofisi.

Mradi ukipitishwa, koordineti zake ziandikwe kwenye maelezo ya mradi unapouingiza PlanRep, mfumo wa serikali wa kuandaa mipango na bajeti za halmashauri. Ni mstari mmoja tu, lakini unamwezesha mkaguzi, diwani na mwananchi kwenda pale pale kuangalia kama kilichojengwa ndicho kilichopangwa.

Halafu rudi. Ramani ya mwisho ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji kilichochora, hata kile kilichokosa, na mtendaji aisome kwenye mkutano mkuu unaofuata. Kijiji kilichokosa kitauliza. Mtendaji awe na jedwali la Hatua ya 8 mkononi ajibu kwa namba. Wakisema namba si sahihi, zipokelewe na zihakikiwe. Marekebisho mengi mazuri huja siku hiyo.

Wenzetu wa Kenya wanaweza kufuata hatua hizi hizi wakibadilisha majina ya vikao. Kwao sheria imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kila kaunti, zote 47, iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya eneo uliojengwa juu ya hifadhidata ya GIS, ukiwa sehemu ya mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti. Mwananchi wa Kenya anayo haki ya kuuliza mpango huo uko wapi.

Kuitunza data

Mikutano mikuu ya vijiji hufanyika kila miezi mitatu. Tumia ratiba hiyo hiyo: mtendaji alete na taarifa yake mabadiliko matatu tu, yaani kituo cha maji kilichokufa au kufufuka, jengo la umma lililoanza au kukamilika, njia iliyokatika au kufunguliwa. Afisa mmoja aliyetajwa kwa barua ayaingize, na wa pili ajue kufanya hivyo endapo wa kwanza atahamishwa. Faili kuu liwe moja, jina lake liwe na tarehe, nakala ikae kwenye diski ya nje isiyokaa ofisi moja na kompyuta. Kila tabaka liwe na karatasi yake inayosema limetoka wapi, lini, kwa mfumo gani wa koordineti, na nani wa kumuuliza. Vijiji vipewe nakala za tabaka zao wakiomba, kwa karatasi au kwa faili, bila malipo.